Shura, Shabu na Mrututu

Imekuwa desturi katika mabaraza yetu ya ushairi kuisifu lugha mpaka yenyewe ikaona haya. Husemwa kwamba Kiswahili ni bahari isiyo ufuko, kwamba hakuna jambo la dunia wala la akhera linaloshindikana kunenwa kwacho, na kwamba Unguja ndiko kilikozaliwa usanifu wake. Kisha watu hao hao, ukiwauliza mtoto wa kisiwa hiki asomeshwe kemia kwa lugha gani, hawakawii kujibu: "Kwa Kiingereza, ati. Kemia haina Kiswahili." Nimeyasikia maneno hayo kwa mwalimu, kwa mzazi na kwa mtu wa ofisini, na wote watatu nawaelewa, kwani kila mmoja ana hofu yake. Sikutaraji kuyasikia kwa malenga. Basi makala haya nawaandikia malenga.

Nitachukua mfano mmoja tu, tena mdogo, kwa sababu mjadala wetu wa lugha ya kufundishia umezoea kwenda kwa maneno makubwa yasiyogusa kitu: uzalendo, utandawazi, maendeleo. Mfano wangu ni somo ambalo kila anayeingia sekondari hukutana nalo mapema katika kemia, nalo ni somo la ioni za atomu nyingi. Mwanafunzi hupewa jedwali. Upande mmoja yamo majina: salfeti, naitreti, kaboneti, haidroksidi, fosfeti, amoniamu. Upande wa pili zimo herufi na tarakimu, nyengine zimekaa chini ya mstari na nyengine zimepanda juu na alama ya kutoa au ya kujumlisha. Huambiwa ayahifadhi. Akishayahifadhi huambiwa aandike kwayo fomula za chumvi mbalimbali, na hapo ndipo safari ya wengi inapokwamia.

Nakaa Malindi, juu ya baraza ambapo watoto wa mtaa hudurusu masomo yao baada ya alasiri. Nawasikia wakiliimba jedwali hilo kwa Kiingereza, kwa mahadhi ya chuoni, jina na tarakimu zake, jina na tarakimu zake. Sauti ni nzuri. Siku moja nilimwuliza mmoja wao, kijana hodari, kumbukumbu yake kama mtego: "Mwanangu, hiyo salfeti ndiyo nini?" Alinitazama kwa heshima akanijibu, "Ni ya kwenye mtihani, ami." Hakuwa akinifanyia dhihaka. Hilo ndilo jawabu aliloachiwa na somo.

Sasa na tuseme ni nini, kwa Kiswahili, bila ya kukimbilia popote. Atomu zikikutana huweza kushirikiana elektroni zao zikawa kitu kimoja. Mara nyengine kundi la atomu zilizoshikana hivyo huwa limechukua elektroni moja au mbili zaidi ya zile zake za halali, yaani limeingia deni. Au limetoa elektroni, nalo likawa linadai. Kundi lenye deni au lenye dai ndilo ioni ya atomu nyingi. Salfeti ni atomu moja ya salfa iliyozungukwa na nne za oksijeni, na deni lao ni elektroni mbili. Naitreti ni naitrojeni moja na oksijeni tatu, deni moja. Kaboneti ni kaboni moja na oksijeni tatu, deni mbili. Na jambo kubwa, ambalo jedwali halilisemi kwa lugha yoyote, ni kwamba kundi hilo husafiri pamoja. Ukiitia chumvi yake majini, madini iliyofungamana nalo huenda zake. Kundi lenyewe halivunjiki. Hutoka chumvi hii likaingia chumvi ile, lile lile, kama familia inayohama nyumba na wote wakaingia jahazi moja.

Aliyefahamishwa hivyo hatashangaa kwa nini katika fomula ya chokaa iliyozimwa kundi la oksijeni na haidrojeni hutiwa ndani ya mabano na ile tarakimu ya mbili ikakaa nje. Mabano yanasema: jamaa hawa ni wawili wawili, mara mbili. Watoto wengi huyaacha mabano wakaandika kama kwamba haidrojeni peke yake ndiyo iliyozidi, wakakatwa alama, wakaambiwa hawana akili ya sayansi. Mshairi yeyote anajua tafauti ya kurudia neno la mwisho na kurudia mstari mzima. Mabano ni kiitikio. Jambo hili lataka sentensi mbili za lugha ambayo mtoto anaiota usiku, nalo limekwisha.

Wanaosema kwamba vitu hivi havina Kiswahili nawaomba tufuatane mpaka Darajani, kwenye maduka ya dawa za asili na viungo. Omba shura, utapewa. Shura ni chumvi ya naitreti, iliyokuwa ikipatikana katika udongo wa mazizi, na ndiyo robo tatu ya baruti za kale. Iliyobaki ni makaa na kiberiti. (Na kiberiti, kabla ya kuwa jina la kijiti cha kuwashia jiko, kilikuwa ndicho salfa yenyewe, kama kilivyo kwa Waarabu tuliokipata kwao.) Omba shabu, jiwe jeupe ambalo kinyozi hulipitisha shavuni damu ikakata, na ambalo likikorogwa katika maji machafu, matope huzama chini: hiyo ni salfeti, imeungana na aluminiamu na potasiamu. Omba mrututu, ule wa buluu uliokuwa ukichomea vidonda sugu: salfeti tena, safari hii ndani ya nyumba ya shaba. Magadi ya kulainishia maharage, yanayotoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, Natron kwetu na Magadi kwa jirani zetu wa Kenya, ni kaboneti iliyochanganyika na ndugu yake mwenye haidrojeni moja. Nushadiri ya mafundi wanaopaka bati masufuria ya shaba imo ndani yake amoniamu. Kwa hivyo karibu jedwali zima la Kidato cha Pili limo katika duka moja lisilozidi upana wa kitanda cha besera, na kila kitu humo kina jina lililotufikia kwa majahazi kutoka Bara Hindi, Uajemi au Bara Arabu, likatiwa irabu za Kiswahili, likakaa.

Lakini mwanafunzi wa Malindi hana haja ya kufika Darajani. Kaboneti ndiyo ukuta aliouegemea.

Mji Mkongwe wote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Wajenzi wa zamani waliyapanga matumbawe juu ya magogo, wakayachoma kwa moto mkali. Moto ule, unapofika kiasi cha nyuzi 900, huivunja kaboneti: hewa ya kaboni dayoksaidi hupanda na moshi, na kinachobaki ni chokaa kali ambayo ukiitia maji hufoka na kuchemka yenyewe bila ya jiko. Ndiyo maana mafundi husema chokaa huzimwa. Ikishazimwa imekuwa haidroksidi, kundi jengine la jedwali lile lile, na hiyo ndiyo ile inayopakwa pia jani la tambuu na wazee wetu, kwa kiasi cha ncha ya kidole, maana wakizidisha huwababua ulimi. Kisha chokaa huchanganywa na mchanga na udongo, ikajengewa ukuta. Na ukuta, polepole, mwaka baada ya mwaka, huivuta kutoka hewani ile kaboni dayoksaidi iliyopotea motoni, mpaka chokaa ikarudi kuwa kaboneti, yaani ikarudi kuwa jiwe. Mnara wa Msikiti wa Malindi ulisimamishwa kwa maarifa hayo. Kundi lililovunjwa na moto likakutanishwa tena na upepo wa Malindi. Na mtoto anayepita chini ya mnara ule mara tano kwa siku anaambiwa kwamba kaboneti ni jambo la kigeni ambalo lugha yake haiwezi kulibeba!

Ukitaka ushahidi mbele ya macho, chukua kipande cha tumbawe kilichodondoka ukutani, kikamulie ndimu. Kitatoa povu. Tindikali ya ndimu imeivunja kaboneti, na zile hewa ni kaboni dayoksaidi ikitoka. Ndimu ni ya sokoni na jiwe ni la bure. Nimewafanyia watoto wa baraza jaribio hilo, na aliyenijibu kuhusu mtihani alikamua ndimu tatu nzima, mama yake akaja juu.

Tuingie katika majina, kwa kuwa hapo ndipo penye kazi yetu hasa. Watu hudhani majina haya ya kemia yameshuka na Kiingereza. Sivyo. Mpaka mwisho wa karne ya 18, Wazungu nao walikuwa na majina ya dukani, kama yetu: chumvi ya fulani, mafuta ya fulani, jiwe la buluu. Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa kitabu cha utaratibu wa majina. Lavoisier aliyejua shura kuliko wengi, kwani alikuwa miongoni mwa waliosimamia baruti na shura ya mfalme, aliandika katika dibaji ya kitabu chake cha 1789 kwamba nia yake ilikuwa kushughulikia lugha tu, na lugha ile ikamgeukia mikononi ikawa kitabu cha kemia. Kemia ya kisasa, msomaji, ilianza kwa watu waliokaa kutengeneza maneno. Na neno lenyewe ioni ni la mwaka 1834. Faraday aliliomba kwa rafiki yake mjuzi wa Kiyunani, William Whewell, na maana yake ni kiendacho. Mwanasayansi mkubwa wa Uingereza alikwenda kuomba neno kwa mtu wa lugha. Sisi watu wa lugha tumekaa, hatuombwi, na tukiombwa twasema si kazi yetu.

Wafaransa wale walifanya nini? Walifanya mnyambuliko. Walichukua shina, wakaliambika mwisho. Shina likiishia kwa -eti, kundi lina oksijeni zake za kawaida. Likiishia kwa -aiti, imepungua moja. Salfeti ina oksijeni nne, salfaiti tatu. Naitreti tatu, naitraiti mbili. Mtoto wa Unguja hajapata kuingia darasa lolote, naye anajua kwamba funga si fungwa, fungwa si fungua, fungua si fungana. Silabi moja ikigeuka mwisho wa neno, dunia nzima inageuka, na yeye hakosei. Mpe -eti na -aiti kama viambishi tamati, atazishika kabla ya maghribi. Lakini hawambiwi kwamba ni viambishi. Anapewa maneno mawili yanayofanana kama pacha, katika lugha ambayo irabu hazisomwi kama zinavyoandikwa, kisha huadhibiwa kwa kuwachanganya pacha hao.

Sisemi kwamba utaratibu wa Wafaransa hauna kombo. Ile -eti haikwambii oksijeni ni ngapi: kwa salfa ni nne, kwa naitrojeni tatu. Hapo hapana hila, ni kuhifadhi tu. Nami si adui wa kuhifadhi. Waliotufundisha chuoni walikuwa na Alfiya ya Ibn Malik, sarufi nzima ya Kiarabu ndani ya beti elfu. Na Mwana Kupona alipotaka bintiye asisahau, mwaka 1858, alimtungia utendi. Kukariri ndiko kulikotulea. Wazee wetu walihifadhi kwanza kisha wakafasiriwa, na mfasiri alikuwepo, amekaa mbele yao, akisema kwa Kiswahili. Katika jedwali la ioni mfasiri ameondoshwa, imebaki hifadhi peke yake.

Nani aliyemwondosha? Hadithi ni ndefu na imeandikwa na wajuzi, nami nitaipita haraka. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta ilipendekeza sekondari zianze kusomesha kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikakataa. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, kazi ya miaka, ambayo mwanafunzi wa sekondari hakupewa darasa la kuitumia. Mwaka 2006, sera yetu wenyewe ya elimu hapa Zanzibar ikaagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, yaani badala ya Kiswahili kupanda juu, Kiingereza kikateremshwa chini. Sera ya Muungano ya 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Madarasa ya sekondari hayakugeuka. Na mwaka 2021, UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu hapo kila mwaka tunavaa kanzu na mabuibui mapya, tunasoma mashairi ya kukisifu Kiswahili. Lugha ya msingi wa 1928 inapongezwa jukwaani na kufungiwa mlango wa maabara.

Nayajua majibu, na moja lina uzito. Huulizwa: mtoto huyu akitoka hapa atakwenda wapi? Vitabu vya juu ni vya Kiingereza, mtihani wa Kidato cha Nne ni wa Kiingereza, chuo kikuu ni Kiingereza. Ukimpa kemia ya Kiswahili umempa ngarawa akavuke bahari kuu. Mzazi anayesema hivyo si msaliti. Ana mtoto mmoja na nafasi moja. Mimi namjibu kwamba sikatai Kiingereza kisomeshwe, tena kisomeshwe vyema kuliko kinavyosomeshwa, na mwalimu wa Kiingereza. Ninachokataa ni mwalimu wa kemia kugeuzwa mwalimu mbovu wa Kiingereza na kemia ikafa baina ya mbili. Aliyefahamu salfeti kwa Kiswahili atajifunza jina lake la Kiingereza kwa dakika moja, kwani jina ni karibu lile lile. Asiyefahamu kwa lugha yoyote, huyo hata ngarawa hana.

Na hapa nataka niwakosoe pia wale walio upande wangu. Wako wanaodhani kwamba kusomesha sayansi kwa Kiswahili ni kutafuta jina la Kibantu kwa kila kitu, wakagombana miaka kumi iwapo atomu iitwe punje au chembe. Mimi sina ugomvi na atomu. Tumekubali baiskeli, tumekubali shati, na kitabu chenyewe ni Kiarabu. Wako na wengine wanaodhani kazi imekwisha wakishaandika neno la Kiingereza kwa herufi za Kiswahili. Miaka iliyopita ofisi moja ilinipa nifasiri karatasi ya maelezo ya kusafisha maji ya kisima. Niliandika shabu. Karatasi ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu: aluminiamu salfeti, bila ya neno jengine. Ilichapishwa hivyo ikagawiwa vijijini. Wanawake waliokuwa na shabu ndani ya kikapu waliuliza hiyo dawa mpya inauzwa wapi. Neno la kitaalamu lilikuwa sahihi, na shabu ilikuwa sahihi. Aliyesahihisha hakuona kwamba mahali pa mawili hayo ni katika sentensi moja.

Tatizo letu halijapata kuwa neno. Tatizo ni sentensi. Hatuna sentensi za kutosha za Kiswahili zinazoeleza kwa nini kitu hiki kinafanya hivi, na sentensi hazitoki katika kamati za istilahi; hutoka kwa watu wanaoandika. Japani ilipokuwa imejifungia, daktari mmoja, Udagawa Yoan, alikaa na kitabu cha kemia kilichomfikia kwa Kidachi, akaanza kukitoa kwa Kijapani mwaka 1837. Hakuna aliyemwambia lugha yake haina kemia, au kama aliambiwa hakusikiliza. Jina alilolipa oksijeni ndilo wanafunzi wa Japani wanaloliandika hadi leo. Alikuwa mfasiri, kama mimi na kama wengi mnaosoma kurasa hizi. Sisi tumemfasiri Shakespeare kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, na Omar Khayyam kwa mkono wa Shaaban Robert. Hao ni fahari yetu. Lakini nani ametufasiria moto wa tanuri la chokaa?

Msidhani haya ni mambo ya vyeti tu. Jiki tunayofulia nguo nyeupe ni kundi moja la jedwali hilo, klorini na oksijeni zenye deni moja. Ichanganye na tindikali ya kusafishia choo, itatoa gesi ya klorini, ambayo hukaba mapafu. Onyo limeandikwa kwenye chupa, kwa herufi za sisimizi, aghalabu kwa lugha ya wengine. Tarehe 4 Agosti 2020, bandari ya Beirut iliripuka kwa tani 2,750 za amoniamu naitreti zilizowekwa ghalani miaka mingi, watu zaidi ya 200 wakafa na nyumba za mji zikang'oka milango. Amoniamu naitreti ni makundi mawili ya atomu yaliyofungana, moja linadai na moja lina deni. Ni mbolea nzuri, na ndani yake mna naitreti, ndugu wa shura, ambayo kazi yake kwenye moto wazee wa baruti waliijua: huupa moto pumzi yake wenyewe, usihitaji hewa ya nje. Sisemi kwamba katika bandari yetu pamewekwa shehena kama hiyo. Nasema kwamba Malindi ni watu waliojenga nyumba zao mdomoni mwa bandari, na mchukuzi anayetia gunia begani ana haki ya kusoma kilichoandikwa ubavuni mwa gunia akafahamu. Mwambie ni jamaa ya shura, atajua asivutie sigara wapi.

Narudi kwa malenga. Huko Marekani, watoto hupewa sentensi ya kipuuzi ya kuwasaidia: Nick yule ngamia alikula chaza kwa chajio mjini Phoenix. Kwa Kiingereza kila neno lake limepimwa. Herufi ya mwanzo inataja kundi, idadi ya konsonanti ni idadi ya oksijeni, na idadi ya irabu ni idadi ya deni. Hebu nihurumieni: watu wasio na mizani wala vina katika mashairi yao ya leo wamekaa wakahesabu irabu kwa ajili ya kemia, na sisi tunaohesabu mizani usingizini, ambao tutamtoa mtu mashindanoni kwa silabi moja iliyozidi, tunasema kemia si fani yetu! Sentensi yao haifasiriki, kwa sababu irabu za Kiswahili hazikai hivyo. Lakini sisi tuna kitu bora kuliko sentensi ya ngamia, tuna utenzi. Sikuja kushindana, na beti hizi mbili wala si za kutiwa diwanini. Nilizitunga kwa ajili ya baraza langu, ya kwanza kwa naitreti, ya pili kwa salfeti:

Shura ina watu wane
Mmoja kati muone
Watatu washikamane
Deni moja waingia

Kiberiti yuko ndani
Wane kando majirani
Mbili hesabu ya deni
Shabu ndimo hutulia

Ndani yake pana idadi, pana deni, pana nani yuko kati na nani pembeni, na pana kitu cha kushikika mkononi. Watoto wa Malindi walizihifadhi siku hiyo hiyo. Mmoja aliniuliza kwa nini kiberiti ana majirani wanne na shura watatu, na hilo ni suali la kemia hasa, ambalo jedwali halikuwahi kumtoa mdomoni. Nilimpeleka kwa mwalimu wake.

Kaboneti nimemwachia binti mmoja wa baraza, ambaye ameng'ang'ania lazima mnara wa msikiti uingie katika mstari wa tatu na mizani zinamgomea. Fosfeti, yenye oksijeni nne na deni tatu, ambayo ndiyo iliyomo katika mifupa yetu na katika mbolea ya Minjingu, bado haijatungiwa. Na amoniamu pia, ambayo karibu peke yake katika jedwali lile haidaiwi bali inadai. Anayeziweza na azilete.